Nani Atajua?

(Mazungumzo na vijana na wazazi wao, Spring Valley, Nairobi, kabla ya futari)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, nanyi wazazi wetu, leo sitazungumzia mambo yanayobatilisha funga. Hayo mmeyasikia tangu Shaaban. Nataka tuzungumze juu ya mashine ya michezo. Naam, PlayStation. Msicheke, mtaona inatupeleka wapi.

Wiki moja kabla ya kuandama mwezi, dada yangu alikuwa akisafisha stoo, ikatoka PlayStation yangu ya zamani, ile ya kwanza kabisa ya rangi ya kijivu. Mashine hizi zilitoka Japani mwezi wa Desemba 1994, zikafika Ulaya na Marekani mwaka 1995, na kiwanda kikaacha kuzitengeneza mwaka 2006. Siku hizi wako watu wanaozikusanya, na ile ambayo haijaguguswa na fundi hupata bei nzuri. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, niachie niiuze. Nitaandika ni orijino, haijawahi kufunguliwa."

Nikamwambia, "Ilifunguliwa. Ina chipu ndani."

Akasema, "Si tutaitoa? Nani atajua?"

Hebu tusimame hapo kwenye hilo neno: nani atajua. Mtu aliyefunga anaweza kuingia bafuni, akafunga mlango, akanywa maji ya mfereji, akatoka akiwa amekunja uso wa kiu. Nani atajua? Lakini hanywi. Basi ikiwa funga inatufundisha jambo moja tu, ni jawabu la swali hilo.

Sasa chipu yenyewe ni kitu gani? Nitaeleza kwa ufupi, kwa sababu wazazi wengi walilipia kitu wasichokijua. Kiwandani, diski ya PlayStation huchorwa njia ambayo karibu na mwanzo wake inayumba kidogo sana. Myumbo huo umebeba herufi nne: SCEI kwa diski ya Japani, SCEA kwa ya Marekani, SCEE kwa ya Ulaya. Ukiwasha mashine, kabla ya kucheza inaiuliza diski, "Wewe ni nani?" Kompyuta ya nyumbani ikinakili diski, inachukua mchezo wote lakini haiwezi kuchora ule myumbo. Kwa hiyo kopi ikiulizwa inanyamaza, na mashine inaikataa. Chipu ni kidude cheusi, mara nyingi chenye miguu minane, kinachomelewa kwa waya chache kwenye bodi. Kazi yake ni kujibu badala ya diski. Diski ikinyamaza, chipu inasema, "Ndiye, mimi namjua." Wanafunzi wa madrasa wanajua mtu wa namna hiyo anaitwaje. Ni shahidi wa uongo.

Sitaki kuidhulumu hata chipu. Mtu akiletewa na ndugu yake diski ya halali kutoka Marekani, mashine yake ya Ulaya haitaicheza, na chipu humsaidia. Kisu hukata kitunguu, na kisu hicho hicho humjeruhi mtu. Lakini mimi, mwaka 2001, sikwenda Luthuli Avenue kwa ajili ya diski ya Marekani. Nilikwenda kwa ajili ya kopi, nikarudi nikauza kopi. Na kutangaza dhambi si jambo zuri katika dini yetu. Nasema haya kwa sababu baadhi yenu mliohapa ndio mlionunua kwangu, na kwa sababu kuna haki ya mtu ndani yake.

Najua atainuka kijana aseme, "Lakini kampuni ile ni tajiri, tena si ya Waislamu." Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) alipohama Makka mwaka 622, watu wa Makka walikuwa wamepanga kumuua. Na bado amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Akamwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma azirudishe kwa wenyewe. Hakusema ni za maadui. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kimataifa walikutana Kuwait Desemba 1988, wakapitisha kwamba haki ya mtungaji na mvumbuzi ni mali inayolindwa na sheria, na haifai kuivamia. Na hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Kwa hiyo mlango huo umefungwa pande zote mbili.

Basi mimi na mpwa wangu tukakaa mezani kuitoa ile chipu. Nitawapa mafunzo ya kazi, kwa sababu kila hatua ilinikumbusha masharti ya toba.

Kwanza, chomoa umeme na usubiri. Huwezi kutengeneza kitu huku bado kinakwenda, na huwezi kutubia jambo huku bado unalifanya. Pili, piga picha kila waya ilipo kabla ya kugusa chochote. Ujue ulichofanya, kimoja kimoja. Tatu, usivute waya kwa nguvu. Pasha moto pale ilipochomelewa, lehemu iyeyuke, waya itoke yenyewe. Ukivuta ingali baridi, unang'oa na shaba ya bodi, na hapo umeharibu ulichokusudia kukiokoa. Nne, nyonya mabaki ya lehemu kwa utepe wa shaba, safisha kwa spiriti, uangalie kwa lenzi kama kuna miguu miwili iliyogusana. Kama fundi wa zamani alikata njia yoyote kwenye bodi, iunganishe.

Tukafunga skrubu, tukaiwasha. Tukaweka diski orijino, ikacheza. Kisha mpwa wangu akaweka moja ya kopi zangu za zamani. Mashine ikaikataa, ikaandika kwenye skrini kuomba diski ya PlayStation. Kijana akafurahi, "Mjomba, imepona!"

Mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimekumbuka kitu.

Mwaka 2002 kulikuwa na askari wa lango kwenye nyumba moja ya mtaa huu, mtu mzima, akiishi Kangemi. Mwajiri wake alipohama alimwachia mtoto wake PlayStation iliyotumika. Mzee yule akanijia akiwa na shilingi 500, akataka diski moja ya mpira kwa ajili ya mwanawe. Akaniuliza, "Ni orijino, kijana wangu?" Nikamwambia, "Orijino kabisa, mzee." Nilimpa kopi niliyoipiga usiku ule.

Siku ya tatu akarudi. Diski imekataa. Mashine yake haikuwa na chipu, na mimi nilijua papo hapo. Nikamwambia, "Mzee, mashine yako ni mbovu." Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hakudai hata senti.

Miaka yote hiyo sikuifikiria. Mpaka siku ile tulipokaa mezani, nikaona mashine nzima, safi, ikifanya kilekile ilichofanya mashine ya mzee yule. Kukataa kopi ndiyo dalili ya uzima wake. Mbovu nilikuwa mimi.

Ndugu zangu, toba ya haki ya Allah ina masharti matatu: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudi. Ikiwa kuna haki ya mja, yanakuwa manne: kumrudishia haki yake au kumwomba msamaha. Mwezi huu tunasimama tarawehe, tunalia katika dua, na hilo la nne tunaliruka. Kutoa chipu ni kazi ya saa moja. Kumtafuta mzee ni kazi nyingine.

Nilimtafuta. Nyumba ile ina wenyeji wengine. Nikaenda Kangemi, nikauliza kwa watu wa makamo, sikumpata. Nikamuuliza sheikh, akaniambia nitoe sadaka kwa niaba ya mwenye haki, na nikimpata siku moja nimwambie, achague mwenyewe. Nimetoa. Bado namtafuta. Shilingi 500 ninazo, lakini lile neno "mbovu" silijui nitalilipaje.

Na ile mashine? Mnakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akaonya kwamba mwenye kughushi hayuko katika njia yake. Mashine yetu nayo ina unyevu chini. Ukiifungua utaona alama ndogo za lehemu pale waya zilipokuwa, hata tulivyosafisha.

Mpwa wangu aliandika tangazo mwenyewe: mashine ilifunguliwa, ilikuwa na chipu, imeondolewa, inacheza diski orijino tu, picha za bodi ziko. Aliuza kwa pungufu ya elfu tatu ya alichotarajia. Alinuna kidogo, sitawaficha. Kopi tulizivunja zote.

Nakuomba wewe unayenisikiliza, au utakayeisoma hotuba hii nyumbani na familia yako: kabla ya takbira za Idi, kumbuka mtu mmoja. Mmoja tu. Yule uliyemwambia mashine yake ni mbovu. Kama namba yake unayo, mpigie leo, kabla ya siku ambayo hakuna shilingi wala dirhamu ya kulipia.

Allah azikubali funga zetu, na atupe ujasiri wa kurudisha haki za watu tungali hai. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.