Ng'ombe Aliyepotea Njia

Somo letu la asubuhi hii ni Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 1 hadi wa 3.

Yuko dada mmoja katika ushirika wetu, mwenyeji wa Mashimoni hapa Kibera. Kazi yake ni kupokea simu za wateja wenye malalamiko, na mara nyingi hushika zamu ya usiku. Alfajiri, wengine wakifuata reli kwenda kutafuta kibarua Industrial Area, yeye ndipo anaporudi. Siku moja nilimwuliza, "Binti yangu, kazi ya kuketi na kusema tu, uchovu huu watoka wapi?" Akacheka. "Mchungaji, wewe hutukanwa mara ngapi kwa siku?"

Malalamiko mengi ni ya pesa. Tangu M-Pesa ianze hapa Kenya mwezi Machi 2007, kidole kikikosea tarakimu moja, kodi ya nyumba yaweza kumfikia mtu usiyemjua. Tangu 2015 twaweza kuliona jina la mpokeaji kabla pesa haijakwenda, lakini mwenye haraka hasomi. Aliyekosea hupeleka ule ujumbe kwa nambari 456, akiomba arudishiwe. Ikiwa pesa bado imo, liko tumaini. Ikiwa imekwisha kutolewa kwa wakala, dada yetu hubaki na kilio cha mama wa watu sikioni.

Tena wako wanaodanganya. Mtu hununua mkaa, hulipa kwa simu, na akiisha kufika kwake huomba pesa irudishwe, ati alikosea nambari! Ndiyo sababu dada huyu hana budi kumsikiliza na yule wa pili, kama Mithali 18:17 inavyotuonya. Sulemani aliwatazama wale wanawake wawili nyuso zao. Yeye ana sauti tu.

Sasa, ndugu zangu, niungame jambo. Ijumaa moja simu yangu ililia, nikaona shilingi 1,500 kutoka kwa jina nisilolijua. Wiki ile mwanangu alihitaji viatu vya shule. Nikasema moyoni, Bwana amejibu. Kisha nikaizima simu. Kama kweli Bwana ndiye aliyejibu, nilikuwa naizima kwa nini?

Torati yasema ng'ombe aliyepotea arudishwe kwa ndugu yako, na kama yuko mbali au humjui, umtunze kwako hata aje kumtafuta. Mimi nilikuwa nimemfungia ng'ombe ndani na kulizuia lango.

Jioni nikaiwasha. Haukupita muda, mhudumu mmoja akapiga, si yule dada yetu. "Shikamoo mzee, samahani kwa kukusumbua. Kuna mtu asema alikutumia pesa kwa makosa. Je, unamfahamu?" Hakunishtaki hata kidogo. Ingekuwa rahisi kumjibu kwamba ni mdeni wangu.

Nikasema simfahamu, na pesa si yangu. Akanishukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Tuombe. Bwana, uwakumbuke wanaorudi makwao asubuhi hii kutoka zamu ya usiku. Uwape usingizi. Na yule aliyezima simu yake, umpe nguvu ya kuiwasha. Amina.