Mlinzi wa Maji Naye Alipwe

Ndugu wanafunzi wa Kigongo, sogeeni karibu na redio, na ukurasa huu uwe mbele yenu.

Ninyi mnakaa kando ya ziwa. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya vijito hugeuka kuwa mekundu. Wekundu ule ni nini? Ni udongo wa shamba la mtu anayelima juu. Yeye amepoteza rutuba, nanyi wa chini mmepata tope.

Mkulima wa juu aweza kuzuia hasara hiyo. Atengeneze matuta ya kukinga mteremko, apande miti, aache majani ukingoni mwa mto. Lakini kazi hiyo ni ngumu. Matuta hula sehemu ya shamba, na faida yake huchelewa. Watoto hawashibi leo kwa mavuno ya miaka ijayo.

Sasa sikilizeni habari ya milima ya Uluguru, katika Mkoa wa Morogoro. Kutoka huko hushuka maji mengi ya mto Ruvu, ambayo watu wa Dar es Salaam huyanywa. Mto ukijaa tope, gharama ya kusafisha maji huongezeka. Mwaka 2006 mashirika mawili, CARE na WWF, yalianza mpango huko. Wakulima wa Kibungo Juu watunze ardhi yao, na watumiaji wa maji walio chini wawalipe. Waliokubali kuchangia ni DAWASCO, shirika lililogawa maji mjini wakati ule, na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza.

Angalieni vizuri: fedha hizo si sadaka. Ni ujira. Mkulima anauza kazi yake, na mnunuzi anataka maji yenye tope kidogo. Kwa hiyo shamba lazima likaguliwe, na malipo yafuate kazi iliyofanyika.

Hapo ndipo kusoma kunapofaa. Mapatano ya namna hii huandikwa. Mtu akileta karatasi kijijini, usitie dole gumba upesi. Tafuta kwanza mambo haya:

1. Nani atalipa?
2. Atalipa shilingi ngapi, na lini?
3. Mpango ni wa miaka mingapi?
4. Malipo yakikoma, shamba litakuwaje?
5. Mama anayelima, je, jina lake limo?

Jambo lisiloandikwa ni vigumu kulidai. Tena, kazi ya matuta ikikamilika, huwezi kuirudisha ghalani kama gunia la mahindi.

Zoezi. Someni kwa sauti: tope, matuta, ujira, mapatano. Kisha jadilianeni: katika kijiji chetu, nani anayatunza maji, na nani anayafaidi? Kila mmoja aandike jibu lake kwa sentensi mbili.

Kwaherini, ndugu. Tusikilizane katika somo lijalo.