Daftari la mpiga fidla

Anayetafuta asili ya muziki wa fidla wa Wales hana budi kuanzia kwenye daftari moja la karne ya 18. Mnamo mwaka 1752 hivi, mpiga fidla John Thomas alinakili kwa mkono wake tuni zaidi ya 500. Leo daftari hilo limehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales mjini Aberystwyth, na mwaka 2004 Cass Meurig, naye mpiga fidla, alilitoa likiwa kitabu.

Ndani yake kuna mshangao. Tuni za Kiwelshi zimepangwa bega kwa bega na za dansi zilizovuma Uingereza.

Thomas hakuwa mlinzi wa makumbusho. Alikuwa mtu wa kazi: walichotaka wachezaji, ndicho alichopiga. Tuni ilivuka mpaka, ikapewa jina la Kiwelshi, ikazoeleka hadi ikahesabiwa ya nyumbani.

Fidla yenyewe ilikuwa mgeni. Kabla yake Wales ilijivunia crwth, ala ya nyuzi sita inayopigwa kwa upinde, ambayo fidla iliisukuma pembeni.

Safari ya tuni haikuwa ya upande mmoja. “Nos Galan”, wimbo wa Kiwelshi wa mkesha wa Mwaka Mpya, ulichapishwa na mpiga kinubi Edward Jones katika karne hiyo hiyo. Mwaka 1862 Thomas Oliphant aliutungia maneno ya Kiingereza, na tangu hapo dunia inauimba wakati wa Krismasi kwa jina la “Deck the Halls”.