TAHADHARI KATIKA KUSHUKA MAPANGONI KWA KAMBA
Mazungumzo ya Afisa Habari kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Sehemu kubwa ya ardhi yetu upande wa mashariki na kusini ya Unguja ni maweni, yaani mawe ya matumbawe ambayo maji ya mvua yameyala kwa karne nyingi na kuyafanya mapango. Pango la Mangapwani huingiwa kwa ngazi, na wazee wetu waliteka humo maji matamu. Lakini yapo mengine ambayo mdomo wake umefunguka juu kama kisima, na hayaingiliki ila kwa kamba. Kwa kuwa wageni wengi hupenda kuyaona, kijana anayewaongoza hushawishika kuchukua kamba ya mashua na kumteremsha mtu. Mazungumzo haya yanakusudia kumwonesha kijana huyo khatari iliyomo katika jambo hilo.

Mshukaji huvaa mkanda wa kiunoni na mapajani, na baina ya mkanda huo na kamba huwapo chombo cha kushukia. Kazi yake ni kuibana kamba ili msuguano uzuie uzito wa mwili, na mtu ashuke polepole. Aina zinazojulikana zaidi ni tatu.

Ya kwanza ni chuma chenye umbo la namba nane. Ni chepesi na bei yake ni nafuu, lakini huisokota kamba. Aidha, kwa kawaida hulazimika kutolewa katika pete yake ili kutiwa kamba, na hapo mdomoni mwa shimo ni rahisi kukiangusha.

Ya pili ni fremu ya vyuma vilivyokingama, iliyobuniwa na John Cole wa Marekani mwaka 1966. Mshukaji huongeza au hupunguza vyuma hali ya kuwa ananing'inia, na ndiyo maana fremu hii hufaa mashimo marefu, kama lile la Fantastic katika pango la Ellison, Georgia, lenye kina cha mita 179 hivi. Ubaya wake ni kwamba kamba ikipitishwa upande usio sawa, vyuma hufunguka vyote mara uzito unapoingia.

Ya tatu ni bobini, yenye magurudumu mawili yasiyozunguka, ambayo kamba hupita baina yake. Hufunguliwa ubavuni bila ya kutolewa mkandani, na kwa mapango mafupi inatosha. Baadhi yake zina mpini: ukiuachia, chombo hufunga; ukiubana, hufungua.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye jambo ninaloomba mlizingatie. Mtu aliyeingiwa na khofu haachii, hubana. Anayeporomoka na kuubana mpini kwa nguvu zake zote, huzidi kujifungulia njia ya kuanguka. Vimetengenezwa vyombo vinavyofunga pia mpini ukibanwa kupita kiasi, lakini navyo hutegemea unene wa kamba ulioandikwa juu yake. Breki ya kweli ni mkono wa chini ulioshika kamba, na mkono huo usiachie hata mara moja. Hivyo basi, chombo kilicho bora ni kile ambacho mshukaji amekizoea mahali pafupi, mbele ya mwalimu, kabla hajakitumia shimoni.

Yapaswa pia kuzingatia haya yafuatayo:

(a) Kamba iwe ya nailoni isiyovutika sana, yenye unene wa milimita 9 hadi 11 kwa kadiri ya chombo. Kamba za usumba zisitumike, wala za plastiki za mashua, ambazo huyeyuka kwa joto dogo zaidi kuliko nailoni.

(b) Kamba ifungwe mahali pawili palipo imara, iwekewe kinga penye ukingo kwa kuwa matumbawe hukata, na mwisho wake upigwe fundo.

(c) Nywele, mtandio na pindo za nguo zifungwe vyema. Zikiingia chomboni, mtu hukwama akining'inia.

(d) Kushuka kuwe kwa polepole, kwani mwendo wa kasi hukitia chombo joto linaloweza kuunguza kamba.

(e) Baada ya kazi, chombo kioshwe kwa maji matamu na kukaushwa, kwani chumvi hula madini. Kilicholika mifereji kiachwe.

Mwisho, chombo cha kushukia hakimpandishi mtu. Asiyejua kupanda kwa kamba asishuke. Wala asishuke mtu peke yake, wala pasipo Sheha wa shehia hiyo kujuulishwa nani ameingia na saa ngapi anatarajiwa kutoka. Ikiwa pango ni mahali pa heshima kwa wenyeji, wazee waombwe ruhusa kwanza. Watumishi walioko wilayani wanaombwa kuyafikisha maneno haya skuli na vijijini.

Wahenga wamesema: tahadhari kabla ya athari.