Chupa ya Mkojo Itangulie Kidonge
Msikilizaji wa Kakamega, uwe Malava au Mumias, mkojo ukikuchoma njia ya mkato ni kemisti: vidonge vichache, kesho kazini. Mimi nasema chupa ya mkojo itangulie. Maabarani bakteria huoteshwa kwenye kisahani chenye virutubisho, kisha vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali huwekwa juu yake. Dawa inayofaa huzungukwa na duara tupu; iliyoshindwa, bakteria huota hadi ukingoni mwake, wala hawana habari. Usugu huo wa bakteria dhidi ya dawa, utafiti uliochapishwa 2022 ulikadiria, uliua watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Mtaniambia majibu huchukua siku mbili tatu, na mgonjwa mahututi hangojei. Kweli, wala asingojeshwe: damu ichukuliwe ipelekwe maabara, dawa ianze papo hapo, daktari aibadilishe majibu yakidai hivyo. Gharama ni hoja nzito zaidi, na Kenya, yenye sera ya kitaifa kuhusu usugu tangu 2017, inapaswa kuijibu kwa maabara za kaunti, si kwa mabango. Lakini vidonge visivyofanya kazi navyo hulipiwa, tena mara mbili au tatu.