Tuanze na Chakula, Ndipo Mtamba

(Maneno ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa kamati za sharika)



Kila siku Kariakoo na Ilala huachwa marundo ya maganda ya mahindi mabichi, majani ya kabichi na maganda ya ndizi. Wakati huohuo, wafugaji wetu wa pembezoni mwa jiji huhangaika na majani wakati wa kiangazi, na maziwa hupungua.

Njia ipo: sileji. Tunachambua kwanza, maana plastiki ikiingia tumboni mwa ng'ombe haisagiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vifungashio bado vipo. Kisha tunakatakata, tunaanika kidogo, tunachanganya na molasi, tunashindilia ndani ya pipa na kulifunga hewa isiingie. Bila hewa, bakteria hugeuza sukari kuwa asidi inayozuia kuoza. Tunafungua baada ya wiki tatu au zaidi. Harufu iwe ya uchachu mzuri; penye ukungu, tupa. Pumba na mashudu bado vinahitajika.

Tukiri: mapipa yetu ya kwanza yalioza. Tulijaza kabichi yenye maji mengi, tukafunga ovyo. Fedha ya sadaka ikaishia jalalani.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Wengi hupenda kuchangia mtamba. Safari hii tuchangie mapipa, molasi na mapanga kwanza. Mtamba akifika kwa mjane asiye na akiba ya chakula, tumempa mzigo, si msaada.