Mlinganishe Madalali wa Foreksi Kabla ya Kufungua Akaunti
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Kuna swali ambalo vikundi vingi vinatuletea: "Hii biashara ya foreksi kwa simu, tuingie ama tusiingie?" Mweka hazina anaambiwa pesa za kikundi zinalala bure. Basi tulizungumze wazi.

Foreksi ni kununua na kuuza pesa za nchi mbalimbali, ukitumaini bei itaenda upande wako. CFD ni ndugu yake: hununui dhahabu wala mafuta yenyewe, bali wewe na dalali mnalipana tofauti ya bei tu.

Ukienda sokoni kununua mbuzi, huangalii mmoja ukalipa. Hata madalali ni hivyo. Kila mmoja aulizwe maswali haya manne:

1. Leseni yake ni ya nani? Hapa Kenya kanuni za biashara hii zilitolewa mwaka 2017, na anayetoa leseni ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA. Tafuteni jina la dalali katika orodha ya Mamlaka yenyewe. Msitosheke na picha ya cheti iliyotumwa kwa simu.

2. Faida yake anaipata wapi? "Hatutozi kamisheni" si bure. Akiwauzia yuro kwa dola 1.1002 na kuinunua kwenu kwa 1.1000, katika yuro 10,000 mmeshapoteza dola 2 kabla bei haijasonga. Ulizeni pia ada ya kulaza biashara usiku, na ada ya kutoa pesa.

3. Anawaongezea nguvu mara ngapi? Mkiweka shilingi 10,000, naye akaruhusu mara 100, mnashika biashara ya shilingi 1,000,000. Bei ikienda kinyume kwa asilimia 1 tu, zile 10,000 zimekwisha. Kwa hivyo anayejisifia mara nyingi zaidi anawauzia hatari zaidi.

4. Mambo yakiharibika, itakuwaje? Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia faranga yake isipande. Faranga iliruka kwa dakika chache. Wateja wengi walibaki na madeni, na dalali Alpari wa Uingereza akafilisika. Ulizeni: je, tunaweza kudaiwa kuliko tulichoweka? Je, pesa za wateja zimetengwa na pesa za kampuni?

Lakini hata mkimpata dalali mzuri, kumbukeni hili. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya walitangaza kwamba akaunti 74 hadi 89 katika kila 100 za wateja wa kawaida wa CFD hupoteza pesa. Na hao walikuwa na madalali wenye leseni! Leseni husaidia kumzuia mwizi, haizuii hasara.

Kwa hivyo shauri letu ni moja. Pesa za kikundi, za karo na za merigo zisiingie huko kamwe. Anayetaka kujaribu aanze na akaunti ya majaribio, halafu atumie pesa zake mwenyewe, kiasi ambacho kikipotea watoto watakula bado.

Mkirudi, lisomeni jambo hili mkutanoni, mkubaliane, na liandikwe katika kitabu cha kikundi kabla mtu hajaja na matangazo yake.